Poimu, na Shuka la Watu Wawili

Nilianza kujifunza Kifini kwenye simu kwa sababu mtaa mzima wa Karagita hakuna ambaye angenisahihisha. Sababu nyingine ninazowapa watu ni za uongo. Nikikosolewa, naacha papo hapo.

Neno nililolipenda ni poimu. Ni mkunjo: wa pazia, wa ngozi, wa ubongo, hata wa miamba iliyosukumwa ikajipinda. Mkunjo wa shati lililolaliwa, na ule wa uso wa mzee, una neno jingine, ryppy. Nilifurahi kwamba kuna watu mahali fulani wanaotenganisha mambo hayo mawili. Nikataka kumwambia mtu. Chumbani kulikuwa na kitanda, jiko la gesi na mimi.

Na shuka, juu ya sanduku. Siku nilipotoka kwetu Molo kuja Karagita kufanya kazi kwenye shamba la maua, mama na mimi tulilikunja uani: yeye pembe mbili, mimi mbili, tukalivuta, tukasogeleana hadi vidole vikagusana. "Vuta, wewe! Unaogopa shuka italia?" Poimu ni hiyo, nilijiambia baadaye. Sikulikunjua tena. Nililalia blanketi linalowasha, nikiilinda mikunjo ile, maana nikiikunjua, nani angenishikia upande wa pili?

Mvua ikaamua. Bati lilivuja, shuka likalowa. Nililifua, nikalianika, na jioni nikajaribu kulikunja peke yangu, pembe nimezibana kwa kidevu. Ncha ikagusa vumbi. Nikarudia. Nikarudia tena.

Jirani, mama anayeuza mboga mlangoni pake, alikuwa akinitazama.

"Kijana, unapigana na nani?"

"Niko sawa, mathe."

"Uko sawa na shuka iko chini?"

Nikampa pembe mbili. Alivuta nikayumba, akacheka. Alikunja haraka haraka, kingo hazikukutana. Akanisogelea, akanikabidhi, vidole vyake baridi vikinuka majani ya sukuma. Kisha akarudi kwa wateja wake.

Ndani, mikono iliniwasha nilikunje upya. Nilikaa nalo magotini mpaka giza likaingia, halafu nikalitandika. Mistari ya mikunjo ilipita kitandani imepinda, nami nikalala juu yake.

Likichafuka, nitalifua kisha nibishe kwa jirani. Maneno ya kuanzia ndiyo bado ninayafanyia mazoezi.