Ng'o ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani hushona huku amebana pini midomoni, na neno pekee linalopenya hapo bila kudondosha hata moja ni "ng'o". Ukitaka gauni la kesho, ng'o. Ukitaka mkono ufupishwe papo hapo, ng'o! Wateja hucheka, wengine humwomba makusudi ili walisikie. Siku moja mdogo wake, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita, alisimama mlangoni.

"Dada, naomba..."

"Ng'o!"

Hakuwa hata ameinua macho. Alipozitema pini na kutoka mbio, njia ilikuwa tupu. Siku hizi mtu akibisha hodi, husimamisha cherehani, huzichomeka pini kwenye kimto, humtazama usoni. "Sema, mama, sema mpaka umalize." Wote humaliza. Wote huwa wanataka nguo tu.