Jua la Kariakoo Linadanganya

Juzi niliingia duka moja la vitambaa Kariakoo, mojawapo ya yale marefu ambayo mwanga wa mchana haufiki ndani. Ukutani mwenye duka alikuwa amebandika maandishi makubwa ya dhahabu: "Bwana ni nuru yangu." Ili kumsaidia Bwana, alikuwa amefunga na taa nyeupe, kali kama za chumba cha upasuaji.

Mama mmoja alikuwa akichagua kitambaa cha sare ya kwaya. Akataka kutoka nacho akakione juani, kama afanyavyo mnunuzi yeyote mwenye akili.

"Hatutoi mzigo nje, mama," mwenye duka akamzuia. "Rangi si unaiona hapahapa? Zambarau ya kifalme hiyo."

Umeme ukakatika. Mama hakuomba ruhusa tena. Alikibeba hadi mlangoni, akakikunjua. Zambarau ya kifalme ikageuka rangi ya kiporo cha maharage.

"Kaka, hii ndiyo zambarau?"

Mwenye duka akakitazama kitambaa, kisha akakunja uso na kulitazama jua.

"Jua la saa hizi linadanganya, mama," akasema kwa upole wa mchungaji. "Subiri umeme urudi, utaiona rangi yake halisi."

Umeme uliporudi akainua mikono miwili juu: "Asante Yesu!" Sijasikia shukrani ya dhati kama ile hata kanisani. Mama alikuwa keshamwachia kitambaa chake, keshavuka barabara.

Tunasoma kwamba Mungu aliumba nuru, akaona kuwa ni njema. Ni kweli, lakini yeye hakuwa na mzigo dukani.