Tovuti ya Samaki Wasioliwa

Mimi niliishia darasa la nne, na bado katika Rumonge yote, huku Burundi kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, hakuna mtu aliyekuwa na tovuti kabla yangu. Leo wako wanaosema wao ndio walioanza. Waulizeni ya kwao ilihusu nini.

Vita ilikuwa inaelekea mwisho, ingawa sisi hatukujua hilo. Askari walikuwa wamekataza uvuvi wa usiku, na ndagala, hawa dagaa wetu wadogo, hawavuliwi mchana, kwani hufuata taa. Mitumbwi yangu ikakaa mchangani. Mke wangu akafunga vyombo ndani ya kitenge, sufuria kubwa chini kabisa, akawa anapika mara mbili katika ile ndogo ili watoto wote washibe.

"Baba watoto, majirani wote wako Kigoma," aliniambia. "Uza mitumbwi, twende."

"Kambini? Mimi nikapange foleni ya maharage?"

"Maharage ya foleni nayo yanaiva."

Tukapatana hivi: mvua zikianza kabla sijapata kazi nyingine ya kutulisha, tunavuka. Mimi mtu wa kuvuka! Nilinunua mtumbwi wa kwanza kwa kubeba mawese kichwani kutoka Kigwena. Lakini nilikubali, kwa kuwa alikuwa na haki.

Nilikuwa na mteja wa ndagala, Mkongomani wa Uvira, aliyefungua chumba cha kompyuta za kukodisha pale Bujumbura. Aliwahi kuniambia kwamba siku hizi watu wanauza vitu kwa kompyuta, hata kwa mtu wasiyemwona. Nikapanda basi dogo kumfuata. Barabara ya Kabezi ilifunguliwa asubuhi, baada ya askari kuipita kwanza. Pembeni kulikuwa na lori lililoungua, bado linatoa moshi. Abiria tulilitazama mpaka tukalipita, kisha mabishano juu ya bei ya sabuni yakaendelea.

"Patroni, siti yako itaongea juu ya nini?" Mkongomani aliniuliza. Siti kwao ndiyo tovuti.

"Andika mawese, sabuni, ndagala, mukeke, mbao..."

"Hapana, hiyo iko soko, haiko siti! Mutu wa mbali anatafuta kitu kimoja. Chagua."

Nikachagua mukeke. Nani wa pwani yetu angechagua kingine? Tangu utoto tunaambiwa hakuna samaki duniani kama mukeke, nasi tunaamini kwamba dunia nayo imeshaambiwa. Nikamlipa mpiga picha wa harusi apige picha beseni langu lililojaa mukeke, picha ikaingia kwenye kompyuta.

Barua zikaja kwa kompyuta hiyo hiyo, na Mkongomani akawa ananisomea kila niliposhuka mjini. Zote zilitoka kwa Warundi waliokimbilia Ulaya na Kanada. *Amahoro! Mukeke wa kuchoma na ndizi, yoo!* Mmoja aliuliza kama nimemwona mama yake, aliyekuwa akiuza samaki bandarini. Nilimtafuta yule mama, nikaambiwa yuko Nyanza-Lac, mzima, nikajibu hivyo. Ila wateja hawakuwamo. Mukeke gani atafika Kanada akiwa bado analika? Wale walikuwa na hamu ya nyumbani tu.

Kisha ikaja barua moja ya Mjerumani. Hakusalimia. Aliuliza: yule mdogo mwenye milia, pembeni ya beseni, mnaweza kumpata akiwa hai, na bei yake ni ngapi?

Alimaanisha kisamaki cha mawe. Sisi hatumli, ana miba mingi na nyama hana. Akiingia wavuni anarudishwa majini. Kumbe kwao wako watu wanaomweka ndani ya sanduku la kioo sebuleni, wanakaa kumtazama.

"Anakuchekelea, patroni," Mkongomani akasema. "Mutu mumoja haiko soko."

"Wote waliomsifu mukeke hawakuuliza bei. Huyu ameiuliza kabla ya salamu. Futa mukeke."

"Yote?"

"Yote. Weka visamaki vya mawe."

Hilo sikufundishwa na mtu.

Visamaki hivyo huvuliwa mchana, kwa kupiga mbizi kwenye mawe na kipande cha wavu mwembamba, na askari hawakuwa na neno. Nikawaweka uani kwenye mabeseni. Wavuvi wenzangu wakaja kuchungulia.

"Ehe, tajiri! Umeshawanyonyesha?"

"Watu hawajala, yeye analisha samaki!"

"Siwalishi," nikawajibu. "Lazima wasafiri na njaa, wasije wakachafua maji ya mfuko."

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Na beseni langu la kufulia?" mke wangu akauliza.

"Liko kazini."

Nikafunga nusu yao kwenye mifuko ya plastiki, maji kidogo na hewa nyingi kutoka kwenye chupa ya mchomeleaji vyuma, nikawapeleka Bujumbura wapande ndege kwenda kwa yule Mjerumani. Nikarudi kungoja. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Kongo, na siku ya tatu mvua ikanyesha. Mke wangu alijitwisha mzigo wa kitenge, akasimama mlangoni na watoto.

"Ngoja basi la mchana kutoka Bujumbura lipite," nikamwambia.

"Likipita bila neno?"

"Tunavuka."

Lilipita, likasimama mbele kidogo, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wee muzee wa samaki! Mukongomani anasema wote wamefika wazima! Muzungu anataka wengine!"

Wavuvi waliokuwa wamejikinga mvua chini ya paa la jirani walimsikia. Nilimwomba dereva arudie, kwa sauti.

Mke wangu alishusha mzigo, akafungua kitenge, akatoa vyombo kimoja kimoja mpaka akaifikia sufuria kubwa. Akaikagua ndani.

"Ina vumbi," akasema. "Nitolee hao samaki wako kwenye beseni langu, niioshe."