Wiki Tano Bila Kujazia

Siku hiyo Mama Pipa aliamka na hasira zake, akanywa chai na hasira zake, akaingia nazo ghalani. Na nani angemlaumu? Miaka ishirini na miwili ndiye aliyetunza mvinyo mweupe wa shamba la familia. Mapipa yake ni ya mwaloni, na mbao za mwaloni hupumua: kila wiki mvinyo hupungua kidogo, na kila wiki lazima ufungue kizibo ujazie mpaka juu. Ukiacha nafasi, hewa inaingia na mvinyo unageuka siki. Hilo halihitaji shahada.

Lakini mdogo wake wa kiume, waliyembandika jina la Mtaalamu, alikwenda kozi ya siku kumi ya kilimo cha kufuata mwezi, akarudi na kalenda ya mwezi. Kuzika samadi ndani ya pembe za ng'ombe, sawa; hata marehemu baba yao alifanya hivyo, na mizabibu ilistawi. Huyu akapitiliza. Leo mwezi mbaya, msiguse pipa! Kesho, loo, mbaya zaidi! Dada mtu akasema weee mpaka akachoka, kisha akanyamaza wiki tano nzima, mapipa yasijaziwe. Hapo ndipo alipojichukia: alijua, na bado akafyata mkia mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni.

Sasa mnunuzi amekuja, mzee ambaye kila mwaka huchukua mapipa yote manane kwa kuliamini jina la baba yao kwenye chupa. Akaonja. Akakunja uso.

"Mbona unakwaruza koo?"

"Ni siku yenyewe, mzee wangu," Mtaalamu akadakia. "Mwezi ukiwa hivi mvinyo hujifunga, ladha inajificha. Uonje Ijumaa, utashangaa mwenyewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Maskini, alitaka kuamini.

Damu ikampanda Mama Pipa kichwani. Eti mwezi! Akauinamia mdomo wa pipa, akavuta pumzi, akamgeukia ndugu yake.

"Hebu niangalie. Kweli hukusikia harufu hii?"

Mtaalamu akatazama viatu vyake. "Niliisikia."

"Lini?"

"Wiki ya pili. Niliogopa utanicheka, dada."

"Wiki ya pili ningeuokoa wote! Wote! Ukaona bora uharibike kuliko uchekwe?"

Akamgeukia mnunuzi. "Mzee, hii ni siki. Haitoki hapa na jina la baba yangu."

Akachukua nyundo, akagonga kizibo cha chini. Mvinyo ukaruka, ukawalowesha miguu, ukakimbilia mferejini.

"Dada! Huo ni mwaka mzima!"

"Najua ni mwaka mzima!" akafoka, machozi yanamtiririka. "Niliulea mimi!"

Akahamia pipa la pili.