Salim Omari Wawili

Usiku ule wa kuamkia hitima ya ukoo nililala nikijiona fundi. Kazi yangu ni kuandika programu, na majina ya marehemu wetu nilikuwa nimeyatoa kwenye daftari lililoliwa na mchwa nikayaingiza kwenye kompyuta. Kila jina ni ufunguo, na chini yake kuna habari za mtu. Kila mwaka siku ya hitima programu hupitia funguo zote, moja baada ya nyingine, nami husoma kwa sauti, watu wakaitikia dua.

Ndotoni nikajikuta barazani kwetu. Marehemu wameketi mkekani, sauti yangu inaita, na kila anayeitwa anainuka, anaingia ndani. Bibi akaingia. Ikaita Salim Omari. Baba yangu akainuka, amempakata mwanangu, yule aliyeishi siku kumi na moja. Mlangoni akamkabidhi Bibi mtoto, mwenyewe akarudi kuketi. Majina yanakwisha, na mkekani amebaki yeye tu, kofia mkononi.

Nikamuuliza mbona haingii.

"Jina limeitwa mara moja," akasema. "Nampisha somo yangu. Yeye mdogo."

Nililia. Nikataka kumshika mkono, baraza ikawa chumba changu, adhana ya alfajiri inasikika.

Nilifungua kompyuta papo hapo. Kosa la mwanafunzi. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake, kwa hiyo baba yangu ni Salim Omari, na mwanangu, kwa kuwa mimi ni Omari, naye ni Salim Omari. Ufunguo haukubali kuwepo mara mbili. Nilipomwingiza mtoto, habari za baba zilifutika bila hata onyo, na miaka mitatu nimesoma jina moja kwa watu wawili. Nikampa kila marehemu namba yake iwe ndiyo ufunguo, nikamrudisha baba, lakini moyo haukutulia.

Nikamwamsha mke wangu, Zuhura, nikamweleza yote. Alikaa kitandani, kanga ameikumbatia.

"Kila mwaka nalisikia mara moja," akasema. "Nikadhani mtoto wetu umemtoa, Baba Salim. Nikaona nisikuulize."

Tangu tumzike, hakuwahi kuniita hivyo.