Mama Mfinyanzi Hakuomba Huruma

Nilikuwa karani na mkalimani wa baraza moja huko Mbozi kwa miaka mitano, enzi za Mwingereza, na katika miaka yote hiyo sidhani kama nilikula chakula na mtu mwingine zaidi ya mara chache. Sikuwa mtu wa pale. Nilizaliwa milimani Ileje, kwa watu wa maharage na ulezi, na misheni ndiyo iliyonifundisha kusoma. Kinyiha nilijifunza ukubwani, na kila nilipofungua mdomo watoto walicheka matamshi yangu.

Lakini si lugha iliyowafanya watu wanikwepe. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amelipa kodi na nani hajalipa. Nikikaribia wanaume wakinywa pombe, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya baraza, na nikishatoka kazini nilikuwa nasoma Biblia kwa sauti, si kwa ucha Mungu, ila nisikie mtu akizungumza humo ndani.

Mtu mmoja tu alikuwa ananisalimia kikamilifu. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa upande wa Itaka, aliyepita pale kila wiki na vyungu kichwani akienda mnadani. Alikuwa anasimama, anavishusha vyungu vyake, ananiuliza nimeamkaje, mama yangu ambaye hakuwahi kumwona anaendeleaje, mvua ya Ileje imefika au bado. Siku moja aliniachia chungu kidogo mlangoni.

"Hicho unachopikia kimeshika kutu," alisema. "Maharage hayataki bati."

Mume wake alifia kwenye machimbo ya dhahabu kule Lupa. Shemeji yake alitaka kumrithi, naye akakataa. Kwa sababu hiyo hakukuwa na mwanamume wa kuilipia nyumba yake, na kodi ya nyumba ikamwangukia yeye mwenyewe.

Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kizungu aliyesimamia wilaya, alikuwa akija kwenye baraza letu mara mbili kwa mwaka. Alizungumza Kiswahili cha kitabuni, polepole na bila kosa, lakini Kinyiha hakukijua. Watu walipotaka kumweleza jambo, waliniambia mimi, nami nikamwambia yeye. Pembeni yake aliketi mwene, mtawala wetu wa jadi, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mwene ndiye aliyeniajiri.

Siku hiyo Bwana Shauri aliuliza, kama alivyouliza kila mara, kwa nini wadaiwa wa kodi wanaongezeka. Wanaume wakatazama chini. Mama mfinyanzi akasimama kutoka kundi la wanawake waliokaa kwenye nyasi. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani.

"Sikuja kulia," alisema. "Nimekuja na shauri. Kwetu kuna mzee ana zizi limejaa ng'ombe, na nyumba moja. Kuna mjane ana jembe moja lililolika mpaka limekuwa kama kijiko, na nyumba moja. Wote wawili mnawatoza sawa. Angalieni alicho nacho mtu, msihesabu mapaa. La pili, mnakuja kudai wakati ulezi bado mbichi shambani. Mwenye ng'ombe anauza ng'ombe, sisi tunauza mbegu. Njooni baada ya mavuno. La tatu, katika hicho mnachokusanya, nunueni majembe, yakae hapa barazani. Nyumba isiyo na mwanamume ije iazime. Mkifanya hivyo, hao mnaowaandika kuwa hawawezi, wataweza. Haya si yangu peke yangu. Nimezungumza na wanawake wa Itaka na wa Hasamba, kila nilipotua vyungu."

Akakaa. Wanawake waliitikia kwa sauti ya chini.

Nilielewa kila neno. Nilielewa pia kwamba sijawahi kusikia shauri bora kuliko hilo pale barazani, kutoka kwa yeyote, mweusi au mweupe. Nikageuka kwa Bwana Shauri, na katika kugeuka macho yangu yakakutana na ya mwene. Hakunitishia. Alinitazama usoni, halafu akatazama viatu vyangu, vile viatu nilivyopewa kwa sababu ya kazi yake.

"Mama huyu ni mjane," nilisema. "Hana mtu wa kumsaidia. Anaomba huruma juu ya kodi."

Bwana Shauri aliinua kichwa. "Maneno mengi vile, maana yake ni hayo tu?"

"Ndiyo, bwana. Wanawake wa huku huzunguka kabla ya kufika kwenye neno."

Hilo la mwisho hakuna aliyenilazimisha kulisema.

Hakuwa mtu mbaya, yule ofisa. Alitabasamu, akachukua karatasi, akaandika kwamba mama huyu asamehewe kodi maisha yake yote. Akanipa nimkabidhi. Nilipomfikia, alikuwa ameshasimama. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akipeleka vyungu mpaka Tunduma, ambako Wanamwanga, Wabemba na Wanyiha huelewana kwa Kiswahili cha sokoni.

"Mimi hapana omba huruma," alimwambia Bwana Shauri kwa Kiswahili chake hicho.

Watu wakacheka. Bwana Shauri naye akacheka, kwa upole. "Mwambie asione haya," aliniambia.

Nikamwambia asione haya. Mungu anisamehe, nilimtafsiria.

Aliikunja ile karatasi akaiweka juu ya meza yangu, akatoka. Nilimfuata mpaka nje, kwenye uzio wa miti.

"Uliyasikia maneno yangu?" aliniuliza.

"Niliyasikia, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi umeyasikia wewe peke yako," alisema, akaweka ngata kichwani, akajitwika mzigo wake na kuondoka.

Tangu siku hiyo alipita upande wa pili wa barabara. Hakunitukana wala hakunisema vibaya kwa watu. Aliacha tu kunisalimia. Wiki ya kwanza nilijiambia itapita. Kufikia mvua za mwaka huo nilikuwa nimeshajua saa anayopita, nami nilikuwa nakaa ndani nisimwone akipita. Kodi yake aliilipa, ingawa alikuwa amesamehewa. Aliuza mbuzi. Mimi mwenyewe niliandika jina lake kwenye orodha ya waliolipa, naye alisimama mbele yangu akitazama ukuta.

Chungu chake nilikuwa nakipikia kila siku. Nilikula huku nimekiangalia.

Mavuno yalipopita nilichukua karatasi nikaandika yote aliyosema, kwa Kiswahili, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka, na nilikumbuka vizuri mno. Jumapili nikatembea mpaka Itaka. Nilimkuta akikanda udongo chini ya upenu wa nyumba yake, mikono imemjaa tope mpaka viwiko. Hakuniambia nikae.

"Nimeyaandika, mama. Nataka kumpa Bwana Shauri. Nimekuja uyasikie kwanza."

Aliendelea kukanda. Kisha akasema, "Ulisema wanawake huzunguka. Niambie, wapi nilizunguka?"

Nilimwambia kwamba hakuzunguka popote, kwamba niliogopa, na kwamba nilitaka yaishe haraka.

"Soma," alisema.

Nikamsomea, nikiyarudisha kwenye Kinyiha. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtu anayegonga chungu kujua kama kina ufa.

"Hapo kwenye majembe umebadili neno. Nilisema waazime. Wewe umeandika wapewe. Ukiandika wapewe, watasema tunaomba."

Nikafuta, nikaandika waazime. Akanitaka nisome tena tangu mwanzo. Nilipomaliza alinawa mikono, akaniletea kigoda.

"Watakufanya nini?"

"Sijui."

"Usiseme nilikulazimisha. Na mimi sitasema ulinifundisha."

Akaniuliza mvua ya Ileje imefika au bado. Nikatikisa kichwa kwamba bado.

Bwana Shauri alipokuja safari iliyofuata nilimpa ile karatasi nje ya hema lake, kabla mwene hajafika. Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma polepole, na nilimwona akirudi juu kusoma tena.

"Haya aliyasema siku ile?"

"Ndiyo, bwana."

"Nawe ukaniambia anaomba huruma."

"Ndiyo, bwana."

"Ni maneno ya akili," alisema. "Lakini mkalimani anayeficha maneno hanifai. Na mwene hatamtaka karani anayeandika mambo kama haya. Umejiondoa kwa pande zote mbili."

Aliiweka karatasi ndani ya kitabu chake kikubwa, akakifunga. Hasira sikuiona kwake. Kwa lile kosa la kwanza alikuwa na haki, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Kabla ya mwezi kwisha nilirudisha viatu na funguo.

Sikurudi Ileje. Niliona aibu kurudi nyumbani bila kazi. Nikaenda Tunduma, nikapata kazi ya kupima mahindi kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na mpaka. Mbele ya duka walipita wanaume makundi kwa makundi wakienda migodi ya shaba upande wa pili, na wengine wakirudi na masanduku ya bati. Nilijifunza maneno ya Kibemba ya kutosha kuuza. Niliwahi kuoa, mwanamke wa Nakonde, lakini hatukupata mtoto, na baada ya miaka michache alivuka mpaka kwenda kumuuguza mama yake akabaki huko. Simlaumu. Nilikuwa nimezoea kukaa kimya, na yeye alipenda watu.

Miaka mingi baadaye, nywele zangu zikiwa zimeanza mvi, lilisomwa tangazo Tunduma mbele ya umati. Kodi sasa ingetozwa kulingana na uwezo wa mtu. Mwenye mali nyingi angelipa zaidi, na mwenye kidogo angelipa kidogo. Karani aliyelisoma alikuwa kijana, alilisoma vizuri. Watu walinung'unika, wengine walifurahi, kisha wakatawanyika kwenda kwenye shughuli zao. Nilibaki pale na vumbi la mahindi mikononi. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumweleza, na sikujua kama bado yuko hai.

Niliomba ruhusa dukani, nikapanda lori, kisha nikatembea. Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa yamefifia na ufinyanzi aliufanya binti yake. Ilibidi nimweleze mimi ni nani, kisha akanishika mkono akaupapasa.

"Nilidhani ulikufa," alisema. "Kile chumba chako wanafugia mbuzi."

Nikamweleza habari za lile tangazo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na kungoja mavuno?"

"Hawakusema."

"Na majembe?"

"Hawakusema, mama."

Alifikiri. "Basi ni moja kati ya matatu." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayepokea sehemu ya mzigo wake na kujua kwamba iliyobaki iko njiani au imepotea. Nilimuuliza kama anadhani ile karatasi ilifika mahali.

"Wanawake wangapi wamesema maneno hayo hayo, kwenye mabaraza mangapi?" alijibu. "Labda ni karatasi yako. Labda ni ya mwingine. Una watoto?"

"Sina."

"Nani anakupikia?"

"Napika mwenyewe."

Akamwita binti yake, wakanipakulia ugali wa ulezi na mboga za maboga, na wote wawili wakakaa kula pamoja nami. Alinisimulia habari za wajukuu wake, nani yuko shule ya misheni, nani ameolewa Hasamba. Walitaka nilale. Nilisema duka linaningoja, ingawa halikuwa linaningoja sana. Sikuzoea nyumba yenye watu wengi hivyo, na niliogopa kuizoea.

Binti yake alinisindikiza mpaka njia panda, akaniaga, akarudi. Barabarani nilipata lori lililobeba kahawa. Mbele kulikuwa kumejaa, dereva akaniambia nipande nyuma. Nilikaa juu ya magunia peke yangu, nikiutazama mji wa Vwawa ukipita, na mashamba, mpaka tulipofika mpakani.