Kanga Mpya Kwenye Maji ya Moto

Bi Ummukulthum hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alitoka Unguja msichana mdogo, miaka michache baada ya Mapinduzi, kashikwa mkono na shangazi yake, na tangu siku ile ni kama aliyeacha mguu mmoja nje ya mlango. Pale Hounslow, London, ambako ndege hupita chini mno juu ya mapaa, majirani walimjua kwa hilo. Atamimina chai, atainuka kufuta meza aliyokwisha kuifuta, ataenda kuchungulia dirishani, na chai itapoa.

Miaka mingi alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alipostaafu, mikono ikakosa pa kwenda. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni Zuwena, mwanawe mmoja tu, na sasa Zuwena anaolewa na Ryohei, kijana wa Kijapani aliyesilimu. Baada ya harusi atahamia Japani, kwao Ryohei, nyumba moja na mama mkwe.

Hilo peke yake lilitosha kumnyima usingizi. Halafu mama yake Ryohei, Bi Chiyoko, akaleta mwaliko. Harusi itafanyika London, sawa, lakini kabla yake Bi Ummukulthum na bi harusi waende Japani, wakakae naye siku mbili katika nyumba ya wageni ya kienyeji, huko milimani penye chemchemi ya maji ya moto. Kwao, wanawake wakishaoga pamoja ndipo husema wamejuana.

"Wanaoga wamevaa nini?" aliuliza Bi Ummukulthum.

"Hawavai, Mama." Mama husema Kiswahili, Zuwena hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyozoeana.

"Hawavai vipi? Hata kitambaa?"

"Hata kitambaa."

"Basi mwambie nashukuru. Tutakunywa chai."

Zuwena akaweka simu chini. "Mama, mimi ndiye nitakayeishi kwenye nyumba ile. Ukimkataa, ataona familia yetu imemdharau, na lawama nitabaki nayo mimi. Wewe utakuwa huku."

Neno hilo la mwisho lilimkaa kooni wiki nzima. Wewe utakuwa huku.

Akampelekea habari hiyo Teresia, Mkenya wa mlango wa pili, anayetunza wazee majumbani.

"Ati uchi?" Teresia alishika kifua. "Wewe na mama mkwe wa mtoto? Aki mimi ningesema niko na kidonda."

"Nikisema nina kidonda, watasema binti naye kazaliwa na vidonda."

Teresia alicheka mpaka akaegemea friji. "Sasa si ubebe ile shuka yako ya maua?"

"Kanga si shuka, we Teresia. Miaka yote nakwambia."

"Hiyo hiyo. Jifunge, ingia majini. Nani atakuvua?"

Bi Ummukulthum aliliona hilo kuwa shauri jema. Kanga zake za kushindia zilikuwa zimepauka, na kwa wakwe mtu haendi na kanga iliyopauka. Akatoa sandukuni doti mpya, nyekundu, aliyoletewa kutoka Unguja. Usiku wa kuamkia safari alifunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena, na katika pilikapilika hizo jambo moja likamtoka akilini.

Alitarajia kukuta ugeni mtupu. Kumbe mlangoni mwa ile nyumba ya wageni ya Japani watu walivua viatu, wakakanyaga mikeka, wakaketi chini, na magodoro nayo yalitandikwa chini. "Hawa watu wana akili," alimnong'oneza Zuwena. Hata hivyo hakutulia. Alikaa, akainuka, akakunja upya kanzu ya pamba waliyopewa wageni. Bi Chiyoko, mwanamke mfupi aliyenyooka mgongo, mwalimu wa zamani wa watoto wadogo, alimtazama tu na kummiminia chai.

Alasiri wakashuka kuoga. Kwanza mtu huketi kwenye kigoda, akajisugua na kujimwagia maji kwa ndoo mpaka atakate, ndipo aingie kwenye birika kubwa la mawe. Kigoda na ndoo havikumshinda. Alioga ndani ya kanga yake, bila kufunua kitu, kama wanawake wa kwao wanavyojua.

"Mama, nguo haiingii kule," alisema Zuwena polepole. "Wenyewe hata taulo wanaiweka kichwani."

"Mimi sivui, Zuwena."

Bi Chiyoko alikuwa amekwisha kuzama hadi mabegani, kitaulo cheupe kimekaa kichwani kama kofia. Aliwapungia mkono. Bi Ummukulthum alimtazama mwanawe, akaona jinsi alivyouma mdomo. Akasema bismillahi, akaingia na kanga yake.

Maji yalimpokea. Magoti yaliyokuwa yakimsumbua tangu zama za mashine za kufulia yakalegea, na kwa dakika chache alikaa mahali bila kutamani kuondoka. Kisha akafumbua macho.

Maji yote yaliyomzunguka yalikuwa mekundu.

Bi Chiyoko aliruka akipiga kelele, akamshika mikono, akampapasa mbavu akitafuta jeraha.

"Si damu!" Zuwena alipaza sauti kwa Kijapani chake cha darasani. "Ni nguo! Rangi ya nguo!"

Kitaulo kilianguka majini. Kilipookotwa kilikuwa cha rangi ya waridi.

Kanga mpya, na hakuiroweka kwenye maji ya chumvi rangi ishike! Mtoto yeyote Unguja anajua hilo, sembuse yeye aliyezeeka katika kufua. Mwenye nyumba alikuja, akainama, akaomba radhi yeye badala ya kuombwa, na birika likafunguliwa maji yamwagike.

Chumbani, Zuwena aliketi akitazama ukuta.

"Nimekuharibia," alisema mama yake.

"Ndiyo." Mara hii alijibu kwa Kiswahili, na iliuma zaidi.

Mlango wa karatasi ukasogezwa. Bi Chiyoko aliingia, akapiga magoti, akauliza jambo. Zuwena akasita kabla ya kulitafsiri. "Anasema mama yake alimfundisha kuroweka nguo mpya kwa chumvi. Wewe hukufundishwa?"

"Nimefundishwa! Nimewaambia wenzangu mpaka wamenichoka. Mwambie nilisahau, nilikuwa na hofu."

"Anauliza hofu ya nini."

Bi Ummukulthum alikuwa amekwisha kuinuka. Akajilazimisha kuketi. "Mwambie nina mtoto mmoja. Atakuja kukaa kwake, atakula kwake, ataumwa kwake, na mimi sitakuwepo."

Zuwena aligeuka kumtazama mama yake. Alipotafsiri, sauti ilimkatika njiani. Bi Chiyoko alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache, akatoka.

"Anasema hapa kuna bafu dogo la familia, mlango wake unafungwa kwa ndani. Kesho asubuhi tutakwenda watatu." Zuwena akajifuta pua. "Anasema uje na nguo kuukuu."

Siku ya kumsinga bi harusi, nyumba ya Hounslow ilinukia liwa na mawaridi. Kwa desturi mama hamsugui mwanawe singo, ule unga wa manukato wa kutakatisha ngozi ya bi harusi. Kazi hiyo ni ya somo, mwanamke anayemfunda mwari. Watu walidhani atakodiwa bibi mmoja mashuhuri wa Edgware Road. Bi Ummukulthum alimpa bakuli la singo Bi Chiyoko, aliyekuja kwa harusi. Mama mkwe kumsinga mkaza mwana! Hakuna aliyepata kusikia. Minong'ono ilienea mpaka jikoni, na Teresia akawaambia wageuze pilau.

Bafuni, Zuwena aliketi kwenye kigoda, amejifunga kanga iliyopauka. Bi Chiyoko alikunja mikono ya blauzi, kitaulo chake cha waridi kikiwa begani, akaanza kupaka singo mgongoni taratibu, kama anayefuta kioo.

"Siyo hivyo," alisema Bi Ummukulthum. Alikwenda kufunga dirisha, akarudi. Ndege ilipita, chupa za sabuni zikatikisika. "Zuwena, mwambie asugue kwa nguvu. Taka haitoki kwa kubembelezwa."

"Mwoneshe mwenyewe, Mama," Zuwena alisema, kwa Kiswahili.

Bi Ummukulthum akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Akainuka. Akakaa tena, akaishika mikono ya mkwe mwenzake, akaikandamiza kwenye mgongo wa mwanawe.